Kubusti betri ya gari: klipu ya mwisho isiguse betri

Jioni za wikiendi simu nyingi ninazopigiwa zinatoka Raskazone, ufukweni hapa Tanga. Watu wamepunga upepo, milango ya gari iko wazi, muziki uko juu na injini imezimwa. Ukifika muda wa kuondoka, stata (mota inayozungusha injini iwake) inalia tk-tk-tk na taa za dashibodi zinafifia. Betri ya namna hiyo mara nyingi haijafa, imeishiwa chaji tu, na ndiyo inayofaa kubustiwa, yaani kuazimwa umeme wa betri ya gari jingine kwa nyaya. Lakini taa zikiwaka kwa nguvu na stata ikapiga "tak" moja kisha kimya, usihangaike na nyaya. Angalia kwanza terminali (vibanio vya nyaya kwenye nguzo za betri) kama zimelegea, halafu stata yenyewe.

Mimi ni fundi umeme wa magari, na mwongozo huu ni wa betri za kawaida za volti 12.

Hatua ya 1: Itazame betri

Betri iliyovimba ubavuni, iliyopasuka, inayovuja au inayonuka kama yai viza haibustiwi. Hiyo inatolewa na kubadilishwa. Kilichomo ndani ni tindikali ya salfuri. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, ndipo ukimbilie hospitali ya Bombo. Usianze kukimbilia hospitali kabla ya kuosha.

Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye terminali, usugue kwanza, kwa sababu unazuia umeme kupita. Kwa joto na unyevunyevu wa huku pwani unga huo haukawii kurudi. Kama una mita ya kupimia volti, betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.0 kushuka chini, imeisha. Ndani mna seli 6 za volti 2 na kitu kila moja, kwa hiyo betri iliyotoka kuchajiwa ikibaki kwenye 10.5, seli moja imekufa na kubusti ni kupoteza jioni yako.

Hatua ya 2: Gari la kuchangia umeme

Liwe la volti 12 kama lako. Nalisema kwa sababu barabara ya Pongwe imejaa malori ya saruji, na madereva wake ni watu wa msaada sana: anasimama, anashuka, anakwambia "lete waya kaka, mimi nina betri mbili." Mshukuru, umwache aende zake. Betri mbili hizo zimeungwa zikatoa volti 24, na injini ikiwaka altaneta (mtambo unaochaji betri) inapandisha hadi kama 28. Ukiziingiza kwenye gari dogo kama IST au Passo, unaweza kuunguza control box (kompyuta ya gari) na altaneta, na betri inaweza kupasuka.

Yasogeze magari mawili yakaribiane bila kugusana. Vuta hendibreki, weka gia ya P au huru, na zima kila kitu: taa, redio, AC. Sigara na kiberiti vikae mbali. Giza likiingia, mulika kwa tochi ya simu.

Hatua ya 3: Nyaya

Waya wa kufungia umeme wa nyumba haufai, hata ukiukunja mara mbili. Stata ya gari dogo inavuta zaidi ya ampea 100, na waya wa milimita 2.5 unayeyuka mkononi. Gari dogo la petroli linataka shaba ya milimita za mraba 16, dizeli 25 au zaidi. Usidanganywe na unene wa plastiki. Chungulia pale waya unapoingia kwenye klipu: nyaya nyingi za bei rahisi zina ganda nene kama kidole na ndani shaba ni nyuzi chache tu.

Hatua ya 4: Ijue chanya

Usiamini rangi. Magari yetu yamepita mikononi mwa mafundi wengi, na aliyekosa waya mwekundu alifunga alionao. Usiamini upande pia, maana betri zinatengenezwa za chanya kushoto na za chanya kulia. Tafuta alama ya + iliyogongwa kwenye plastiki karibu na nguzo. Ikiwa imefutika, linganisha nguzo mbili: ya chanya ni nene kidogo kuliko ya hasi. Kama bado una wasiwasi, pima kwa mita. Kugeuza nyaya ni cheche kubwa, fyuzi kuu inakatika, na mara nyingine diodi za altaneta zinakwenda nayo.

Hatua ya 5: Kufunga

Magari yote mawili yakiwa yamezimwa:

1. Klipu nyekundu kwenye chanya ya betri iliyoisha.
2. Nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima.
3. Nyeusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Nyeusi ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lenye betri iliyoisha, mbali na betri.

Hiyo ya nne ndiyo watu wanayoibishia. "Fundi, si ubane tu hapo kwenye hasi, kote ni hasi?" Ni kweli kote ni hasi, na gari litawaka. Ila klipu ya mwisho ndiyo inayokamilisha njia ya umeme, na hapo ndipo cheche inaporuka. Betri inapochaji inatoa gesi ya haidrojeni kupitia vifuniko vyake, na hewa ikifikisha asilimia 4 tu ya gesi hiyo inaweza kuwaka. Huwezi kuzuia cheche, ila unaweza kuchagua itokee wapi.

Mahali ninapopapenda ni ile ndoano ya chuma ya kunyanyulia injini. Iko wazi na haina rangi. Ukiikosa, tafuta bolti kubwa iliyo safi. Epuka bomba la mafuta, mkanda na feni.

Hatua ya 6: Kuwasha

Washa gari la kuchangia, liache kwenye silensa, bila kukanyaga mafuta, dakika 5 hivi. Halafu jaribu lako, usizidishe sekunde 10 kwa mara moja, na upumzishe stata kama dakika nzima kabla ya kurudia. Ikigoma mara ya tatu, acha. Tatizo liko kwingine.

Hatua ya 7: Kufungua

Likishawaka, washa feni ya ndani ya gari lako ili imeze mruko wa umeme. Kisha fungua kinyumenyume, ukianza na ile nyeusi ya kwenye injini. Klipu zisigusane zikiwa zinaning'inia.

Ule mtindo wa kuhamisha betri

Hapa mjini wengi hawana nyaya. Wanachomoa betri ya gari jirani, wanawashia gari bovu, halafu wanaichomoa injini ikinguruma na kurudisha ile iliyokufa. Wapo hata mafundi wanaopima altaneta hivyo hivyo: ng'oa terminali, injini ikiendelea basi altaneta nzima. Kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta mlisalimika. Kwenye gari la leo, betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiitoa ghafla, volti inaruka juu sana kwa muda mfupi, na muda huo unatosha kuua control box. Kuna wateja wanaokuja gereji wakisema gari "limezima lenyewe" siku moja baada ya kuhamishiwa betri. Na usisahau kwamba terminali inayong'olewa injini ikiwaka inatoa cheche juu ya betri, pale pale penye gesi.

Baada ya hapo

Gari likishawaka, usizime injini. Endesha safari ndefu kidogo, kama ya kutoka Tanga mjini hadi Muheza, na usiku huo au kesho yake uitie betri kwenye chaja ijae taratibu, kwa sababu altaneta haikutengenezwa kufufua betri iliyokauka chaji. Injini ikiwaka, weka mita kwenye nguzo: 13.8 hadi 14.5 ni sawa. Chini ya 13, altaneta haichaji, na kesho utanipigia tena hata kama hukufungulia muziki.