SOMO: Nyumba yako, ardhi ya serikali – kodi ya vijumba vya msituni California

Wakuu, somo hili ni la wale walionunua, au wanaopigia hesabu, kijumba cha mapumziko ndani ya msitu wa taifa kule California, iwe kando ya barabara ya 50 kuelekea Ziwa Tahoe au milima ya San Bernardino. Sheria ya Machi 1915 ndiyo iliyofungua mlango: serikali inakupa kibali cha kiwanja, nyumba unajenga au unanunua mwenyewe. Mtanzania hapa hatoki jasho kuelewa. Kwetu ardhi yote ni ya umma, na bado unalipa pango la ardhi na kodi ya jengo, kila moja kivyake. Ajabu ni kwamba watu wakifika Marekani wanalisahau hilo.

Hatua ya 1: Tenganisha malipo mawili. Ada ya kibali inakwenda Idara ya Misitu. Sheria ya 2014 iliweka madaraja 11, kuanzia dola 650 hadi 5,650 kwa mwaka, na viwango hivyo hupanda kufuatana na mfumuko wa bei. Hiyo si kodi, ni pango. Kodi ya mali ni ya kaunti, na ukimlipa mmoja, mwingine bado anakudai.

Hatua ya 2: Jua unatozwa kwa kitu gani. Kaunti haiwezi kuitoza kodi serikali kuu. Inakutoza wewe: kwa nyumba, na kwa haki yako ya kukitumia kiwanja peke yako. Kiwango cha msingi ni 1% ya thamani, juu yake yanaongezwa malipo ya madeni ya eneo yaliyopitishwa na wapiga kura. Tangu 1978 thamani hiyo haipandishwi zaidi ya 2% kwa mwaka hadi mali ibadilishe mikono.

Hapa ndipo penye utata, someni taratibu. Umenunua kwa dola 90,000, tuseme, halafu mthamini wa kaunti anaandika zaidi ya hapo. Si lazima awe amekosea. Anaruhusiwa kuchukua bei uliyolipa na kujumlisha thamani ya leo ya pango utakalolipa miaka ijayo, kwa hoja kwamba bei ilikuwa ndogo kwa sababu mnunuzi alijua ana pango mbele yake. Mahakama ya Juu ya California iliamua mwaka 1955 kwamba pango halikatwi kwenye thamani. Binafsi naona ni kama kutozwa kodi juu ya deni lako mwenyewe, lakini ndiyo sheria.

Hatua ya 3: Soma bili iko daftari gani. Kwa kuwa ardhi si yako, bili nyingi za aina hii huwekwa kwenye daftari la mali zisizo na dhamana, yaani deni la kodi halishikiliwi na ardhi. Hapo unalipa zote kwa mkupuo kabla ya 31 Agosti kupita. Ukichelewa, faini ni 10%. Ikiwa kwenye daftari la dhamana, awamu ni mbili, mwisho 10 Desemba na 10 Aprili.

Hatua ya 4: Unanunua? Tazama 1 Januari. Kwenye daftari lisilo na dhamana, aliyekuwa mmiliki siku hiyo ndiye anayedaiwa mwaka mzima, hata akiuza Februari. Kaunti haiwagawii. Mgawane wenyewe kwenye mkataba. Kibali cha muuzaji hakihamii kwako. Unaomba kipya, na kuna ada ya uhamisho, ambayo sheria iliianzisha kwa dola 1,200.

Hatua ya 5: Ukipinga thamani, lipa kwanza. Rufaa haizuii faini. Dirisha linafunguliwa 2 Julai, linafungwa 15 Septemba au 30 Novemba kutegemea kaunti. Peleka bei za vijumba vingine vya kibali, siyo za nyumba za jirani zenye hati ya ardhi.

MASWALI

Mkuu, theluji inafunga barabara, nakaa kiangazi tu. Kodi haipungui?
Haipungui. Wanathamini haki, hawahesabu siku ulizolala. Na ule msamaha wa kukata dola 7,000 kwenye thamani inayotozwa kodi usiuombe, ni wa makazi ya kudumu, wakati kibali chako kinakataza kuyafanya hapo makazi ya kudumu.

Kaka, mama alitangulia mbele ya haki mwaka jana, kijumba ametuachia. Tunabaki na thamani yake ya zamani?
Poleni sana dada. Kwa bahati mbaya hapana. Tangu 16 Februari 2021 nafuu ya mzazi kwa mtoto inabaki kwa nyumba ya familia ambayo mtoto anahamia kuishi. Kijumba kitathaminiwa upya. Kibali nacho hakirithiwi chenyewe, ombeni kipya mapema.

Ikiungua je?
Moto wa Caldor wa 2021 uliteketeza vijumba vingi msitu wa Eldorado, kwa hiyo swali ni la kweli. Hasara ikifika dola 10,000, jaza fomu ya maafa kwa mthamini ndani ya miezi 12, thamani ishushwe. Usisubiri bima.

Ardhi si yangu. Nisipolipa watauza nini?
Watakufuata wewe mwenyewe. Deni linasajiliwa kwa jina lako, akaunti ya benki inaweza kukamatwa, na kuanzia 1 Novemba inaongezeka 1.5% kila mwezi.