Mboji ya maganda ya matoke: jinsi ya kuirudisha potasiamu shambani

Kila mkungu wa matoke unaopakiwa loli Isingiro au Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, kwenda Kampala huondoka na potasiamu ya shamba, kirutubisho cha mimea, na maganda yake yana potasiamu nyingi sana. Yakitupwa jalalani, shamba limepata hasara. Wa kuirudisha ni bakteria, kuvu, minyoo na jongoo: wape chakula, maji na hewa, kisha uzuie mvua isiwanyang'anye walichokitengeneza.

Tafuta penye kivuli pasipotuama maji. Usichimbe shimo, maana mvua za Machi hadi Mei zitalijaza. Tandika mabua mazima ya mahindi, sentimita 20, upana mita 1.5, ili hewa ipenye kutoka chini. Juu yake weka mabua makavu yaliyokatwakatwa, sentimita 20, maganda mabichi sentimita 10, samadi ya ng'ombe au mbuzi sentimita 5, na konzi kadhaa za udongo wa juu wa shamba. Nyunyizia maji kila tabaka. Rudia mpaka kimo kifike mita 1.5, lundo lisilofika mita 1 halishiki joto.

Mpangilio huu una sababu. Bakteria huhitaji kaboni, iliyojaa kwenye mabua makavu, sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni, inayotoka zaidi kwenye samadi. Mabua yakizidi, kazi inadorora. Samadi ikizidi, naitrojeni hupotea hewani kama amonia, ile harufu inayochoma macho. Majivu mengi nayo huifukuza vivyo hivyo.

Unyevu ndio unaoharibu malundo mengi. Chota konzi kutoka katikati uikamue kwa nguvu. Likitoka tone moja au mawili, ni sawa. Maji yakichuruzika, hewa imekosa nafasi na harufu ya mayai viza haiko mbali: pindua lundo, ongeza mabua. Ikitawanyika kiganjani, mwagia maji huku ukipindua.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku 3 hadi 5, ukikichomoa kiwe cha moto mkononi. Nyuzijoto 55 hadi 65 huua mbegu za magugu. Zikipita 70, hata bakteria wenyewe hufa, hivyo pindua mara moja. Kijiti kikianza kuwa vuguvugu, pindua tena, cha nje kiingie ndani. Baadaye utaona nyuzi nyeupe kwenye mabua. Usiogope: ni kuvu na wenzake wanaovunja sehemu ngumu ambazo bakteria wengi hawaziwezi.

Funika kwa majani ya mgomba au turubai kila mvua inaponyesha. Potasiamu huyeyuka upesi, na yale maji ya kahawia yanayotoka chini ya lundo ndiyo mbolea yenyewe. Yakinge, uyamwagie tena juu.

Migomba yenye mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioripotiwa Uganda mara ya kwanza mwaka 2001 wilayani Mukono, isiingie humu kabisa, wala maganda ya mkungu wake. Kingo za lundo hazipati joto la kutosha kuua bakteria wa ugonjwa huo.

Mboji huiva kwa miezi 3 hadi 4. Ifunge kidogo kwenye mfuko wa plastiki siku 3. Ukifungua ikanuka uchachu au amonia, bado. Iliyoiva hunuka udongo uliolowa mvua. Weka debe 1 hadi 2 kwa kila shina, ukizungushia sentimita 30 hadi 60 kutoka mgombani, changanya juujuu bila kukata mizizi, kisha tandaza nyasi kavu.