Kutembelea Lubiri ya Mengo: anzia Bulange

Ukimwambia bodaboda wa Kampala "Lubiri", atakushusha kwenye geti la ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na utakuwa umeruka nusu ya utamu. Mwambie Bulange, jumba la Lukiiko, yaani bunge la Buganda. Hapo lipa kiingilio, dai risiti na uombe mtembezaji. Beba kitambulisho, maana mara nyingi bei ya raia si ya mgeni. Mwanamke aliyevaa suruali au sketi fupi aje na leso ya kujifunga.

Ukiipa Bulange kisogo, utaona barabara ya Kabaka Anjagala imenyooka kama uzi, ikishuka na kupanda hadi Mengo. Ni kama kilomita moja na nusu. Itembee kwa miguu, dakika 20 au zaidi, ukitazama sanamu za miziro ya koo (wanyama au mimea iliyo alama ya kila ukoo) kando yake.

Njiani kuna mzunguko uitwao Nnantawetwa, "asiyezunguka". Katikati yake pamepasuliwa njia, na njia hiyo ina geti. Magari yote yanazunguka. Geti hufunguliwa Kabaka anapopita, naye hunyoosha moja kwa moja. Wengi hudhani ni pambo la bustani, wanapiga picha ya maua na kuondoka. Simama mahali utakapoona Bulange upande huu na Lubiri upande ule kupitia geti lilelile, ndipo utaelewa kwa nini lipo. Usikatize katikati hata kama hakuna gari.

Kwenye geti kuu, Wankaki, ulizia moto uitwao Ggombolola: huwaka muda wote Kabaka akiwa hai. Jumba lenyewe, Twekobe, hutazamwa kwa nje tu, kwa hiyo usibishane na walinzi. Mwaka 1966 jeshi la Rais Obote wa Uganda, likiongozwa na Idi Amin, liliivamia ikulu hii, na Kabaka wa wakati huo, Muteesa wa Pili, akatorokea uhamishoni.

Acha ghala la silaha liwe la mwisho. Ni handaki la zege ambalo enzi za Amin liligeuzwa mahabusu: vyumba vimeinuliwa juu ya ujia ambao wakati huo ulijazwa maji na kutiwa umeme. Ukutani yamebaki maandishi ya wafungwa. Watoto wadogo wabaki nje. Kijia cha kushukia ni cha udongo, kwa hiyo Aprili na Novemba vaa viatu vyenye meno, kandambili zitakuangusha.

Kabla ya kutoka nyumbani, uliza kama uwanja haujakodishwa. Mbio za kuzaliwa kwa Kabaka mwezi Aprili na tamasha la Enkuuka mwisho wa Desemba hujaza Lubiri watu na mahema, na siku hiyo hutaona kitu.