Kusoma kibati cha mashine ya Kijapani au ya Kichina, ukianzia kwenye 機

Karibu kila siku kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, huegesha mbele ya kibanda changu Gerezani, Dar es Salaam, na kushusha jenereta, pampu au pawatila, ile ya kulimia. Mteja hajatia hata mguu chini, ameshauliza: "Fundi, hapo wameandika nini?" Kidole kiko kwenye kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mashine, na kibati kimejaa herufi zilizosongamana kama siafu.

Sikusoma Kijapani wala Kichina darasani. Ukinitupa Tokyo leo, hata chai siwezi kuagiza. Lakini kibati nakisoma, swichi naisoma na mfuniko wa tangi nausoma, kwa sababu maneno ya mashine ni machache na yanajirudia. Ukiwa na herufi 40 tu, giza limekutoka. Nitakupitisha kwa mfuatano ule ule ninaoufuata mashine ikiwa mbele yangu.

Kabla ya yote, safisha. Chukua kitambaa chenye dizeli kidogo, futa kibati, kimulike kwa tochi kutoka ubavuni, kisha piga picha. Herufi nyingine zinatofautiana kwa kamstari kamoja, na uchafu nao unajua kuchora vimistari.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni ya nani

Usitafsiri chochote kabla ya kujua mashine imetoka wapi. Wajapani walizichukua herufi hizi kutoka China zamani sana, wakaziita kanji. Karne iliyopita kila upande ukaanza kuzirahisisha kivyake, Japani tangu 1946 na China tangu 1956. Ni ndugu wa damu waliolelewa nyumba mbili, na wakati mwingine jina moja kila mmoja analitumia kwa jambo lake.

Angalia kama katikati ya herufi nzito kuna vialama vyepesi, vya kupinda kama の au vya kona kona kama スイッチ. Ukiviona, hiyo ni Japani, kwa sababu Kichina hakina vitu hivyo. Ukivikosa, tafuta neno la umeme: 電 ni Japani, 电 ni China. Taiwan nao huandika 電 bila vile vialama vyepesi, kwa hiyo mashine ya kukereza vyuma iliyoandikwa hivyo isikuchanganye.

Hatua ya 2: Vunja 機 vipande

Hii ndiyo herufi mama. Kijapani huisoma "ki", Kichina "jī". Kushoto kuna 木, mti. Kulia kuna 幾, ambayo kazi yake kubwa ni kutoa sauti, lakini tazama juu yake: vile viwili vilivyojikunja, 幺幺, ni nyuzi. Mti na nyuzi. Kwa Kijapani herufi hii hii ikisimama peke yake husomwa "hata", maana yake kitanda cha mfumi, kile cha kufumia nguo. Kamusi ya kale ya Wachina, ya karibu mwaka 100, inaieleza kwa namna nyingine: kile kinachotawala mfyatuko, kama kifyatulio cha upinde. Vyovyote vile ni mbao zilizounganishwa ili ukigusa hapa, pale kitu kitokee. Sijawahi kupata maelezo bora ya mashine kuliko hayo.

Hadithi ya nguo haikuishia kwenye kamusi. Toyoda Sakichi, Mjapani, alikuwa mtengenezaji wa mashine za kufuma, na alitaka mashine isimame yenyewe uzi ukikatika, isiendelee kuharibu kitambaa. Mashine yake maarufu, aina ya G, ilitoka mwaka 1924, na kiwanda cha mashine za kufuma kikaanzishwa 1926. Ndani ya kiwanda hicho ndimo mwanawe Kiichiro alimoanzishia kazi ya magari, hadi kampuni ya Toyota ikasimama peke yake mwaka 1937. Kiwanda mama bado kipo na kinatengeneza foklifti, na jina lake la Kijapani hadi leo linaishia na 織機, mashine ya kufuma. Kwa hiyo ukiona daladala inapita, jua babu yake alikuwa anafuma kanga, au tuseme binamu wa kanga.

Sasa mtego. China imeifupisha 機 ikawa 机. Japani nayo inayo 机, lakini kwao ni "tsukue", meza ya kuandikia. Simu yako ukiiwekea lugha isiyo yake, itakwambia jenereta ni meza ya umeme. Ndiyo maana nilianza na Hatua ya 1.

Hatua ya 3: Soma kutoka mkiani

Majina mengi ya mashine yana 機 au 机 mwishoni. Ukiiona mkiani, rudi nyuma uone inafanya nini. 発電機 ya Kijapani na 发电机 ya Kichina ni kitu kimoja: toa, umeme, mashine. Jenereta. 洗衣机 ni osha, nguo, mashine. 手机 ni mkono, mashine, yaani simu, na sisi wenyewe tunasema simu ya mkononi. Ndege kwa Kichina ni 飞机, mashine inayoruka, hapo sisi tumewazidi kwa ushairi.

Cherehani inavunja kanuni. Kwa Kichina ni 缝纫机, lakini Wajapani huandika ミシン, "mishin", neno walilolitoa kwenye Kiingereza wakalikata kichwa na miguu. Usitafute 機 pale, hutaiona.

Ukiona 車 mkiani, ni kitu cha magurudumu. Itazame: ni mkokoteni uliochorwa ukitazamwa kutoka juu, mstari wa katikati ukiwa ekseli. China wameikata ikawa 车. Treni kwao ni 火车, gari la moto, na bibi yangu aliyekuwa akisema gari la moshi angewaelewa bila mkalimani. Ila 汽车, gari la mvuke, kwa Mchina ni gari la kawaida, wakati kwa Mjapani 汽車 ni treni ya mvuke. Wale ndugu wawili tena.

Hatua ya 4: Swichi

Hapa pafupi. Mjapani huandika 入 na 切: ingia na kata. Umeme unaingia, umeme unakatwa, kama tunavyosema wenyewe umeme umekatika. Mchina huandika 开 na 关: fungua na funga, na ukiziunganisha, 开关, umepata neno swichi. Aliyekulia nyumba ya "fungua redio" hapati shida. 停止 ni simama kwa wote wawili. 自 mwanzoni ni yenyewe na 手 ni mkono, kwa hiyo 自動 inajiendesha na 手動 unaiendesha wewe. Angalia 入 isikupite kama 人, ambayo ni mtu: kwenye 入 mguu wa kulia ndio uliopanda juu ya mwenzake.

Hatua ya 5: Mafuta, na hapa usikimbie

Herufi ni 油. Vitone vitatu vya kushoto ni maji, na utaviona kwenye karibu kila kitu kinachomwagika. Kilicho mbele ya 油 ndicho kinachookoa injini au kuiua.

Mwaka wangu wa pili kazini mzee mmoja mkulima wa mpunga aliniletea pawatila ya mtumba kutoka Japani. Mfuniko wa tangi uliandikwa 軽油. Nikapiga picha, simu ikaniambia "mafuta mepesi". Nikajiuliza, kati ya petroli na dizeli ipi nyepesi? Nikamimina petroli, na nikajiona mjanja. Ikawaka, ikagonga kama mtu anayetwanga kisamvu, ikazima. Petroli haina ule utelezi wa dizeli, na pampu ya nozeli inalainishwa na mafuta hayo hayo inayoyasukuma. Ikajila. Mzee alisimama akaniangalia, akasema taratibu, "Kijana, umemlisha ng'ombe wangu sumu." Pampu niliinunua kwa pesa yangu.

軽油 ni dizeli. Nyepesi, ndiyo, lakini ukilinganisha na yale mafuta mazito ya meli. Hata Wajapani wenyewe hukosea: magari yao madogo ya injini ya cc 660 huitwa 軽, na wapo madereva wanaoona 軽 kwenye gari na 軽 kwenye pampu wakadhani vinaendana. Kirikuu chetu ni wa ukoo huo huo, na kinakunywa petroli. Petroli ya Kijapani ni ガソリン. Kwenye vituo vyao bomba la kijani ni dizeli na jekundu ni petroli ya kawaida.

Kichina kina picha zake. 柴油 ni dizeli, mafuta ya kuni. 汽油 ni petroli, mafuta ya mvuke. 机油 ni oili ya injini, usiiweke kwenye tangi la mafuta kwa sababu tu umeona 油. Na 灯油 ya Kijapani ni mafuta ya taa, neno kwa neno, kana kwamba tulikaa kikao kimoja. Msumeno wa mnyororo ukiandikwa 混合, maana yake changanya petroli na oili, na uwiano uko pembeni, mfano 50:1.

Bado nanusa tangi kwanza. Herufi baadaye.

Hatua ya 6: Namba za kibati

Tafuta 定. Kijapani huandika 定格, Kichina 额定, na zote zinasema: hiki ndicho kiwango ambacho mashine imetengenezewa. Volti ni 電圧 au 电压, presha ya umeme. Kifundi ni picha safi, kwa sababu volti ndiyo inayosukuma. Zitazame 圧 na 压: tofauti ni kadoti, ndiyo maana nilikwambia usafishe.

Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Jiko la wali au hita ya volti 100 ukiichomeka ukutani kwetu inavuta nguvu zaidi ya mara 5 ya ile iliyopangiwa, na hupati hata muda wa kuchomoa. Inahitaji transfoma ya kushusha, 変圧器 kwa Kijapani, 变压器 kwa Kichina. Ukiona 三相 ni fezi tatu, na hapo Mjapani anatumia volti 200 wakati Mchina anatumia 380, kwa hiyo usifunge ya Kijapani moja kwa moja kwenye laini ya kiwandani. Fezi moja ni 単相 au 单相. Soma pia Hz, mizunguko ya umeme kwa sekunde: mashariki ya Japani ni 50 kama sisi, magharibi ni 60. Mota iliyoandikwa 60 peke yake, kwetu itazunguka polepole zaidi.

Mwaka wa Kijapani mara nyingi huandikwa kwa enzi ya mfalme. 昭和 ongeza 1925, 平成 ongeza 1988, 令和 ongeza 2018. Kwa hiyo 平成22年 ni 2010. Stika ya kioo cha mbele cha gari inaonyesha ukaguzi unaisha lini, haisemi gari limetengenezwa lini, na nimeona watu wakibishana bei kwa kutumia stika hiyo. Mchina huandika 出厂日期, tarehe ya kutoka kiwandani, kwa mwaka wa kawaida.

Hatua ya 7: Vipuri kwenye katalogi

Gia ni 歯車 kwa Kijapani na 齿轮 kwa Kichina, gurudumu la meno, na sisi pia gia ikiisha tunasema meno yamelika. Beringi ni 軸受 au 轴承, kipokea shafti. Skrubu ya Kichina, 螺丝, inaanza na herufi ya konokono, kwa ule mzunguko wa gamba lake. Ninayoipenda kuliko zote ni 泵, pampu ya Kichina: juu jiwe, 石, chini maji, 水. Sauti yake, "bèng", wameikopa kwa Waingereza, lakini mchoro ni wao.

Hatua ya 8: Vibandiko vya hatari

危 popote ilipo, toa mkono. 危険 na 危险 ni hatari. 高圧 au 高压 ni volti au presha kubwa. 火気厳禁 ni moto marufuku kabisa.

Kuna wazungumzaji wa semina wanaopenda kusema neno la Kichina la janga, 危机, ni hatari pamoja na fursa. Si kweli. 机 ya pale ni ile ya kifyatulio, pale mambo yanapofyatuka. Fursa ni 机会, neno jingine. Aliyewahi kukatwa na feni belti hawezi kudanganyika.

Sasa jaribu mwenyewe. Hiki kimeshushwa leo asubuhi: 柴油发电机, 额定电压 230V, 单相, 出厂日期 2021年6月. Amua kwanza ni ya nani, kisha anza mkiani mwa lile neno la kwanza. Mafuta yake yametajwa mwanzoni kabisa. Ukishayasoma, fungua mfuniko unuse.