Kupima namba tasa kubwa kwa kikokotoo cha mkononi

Chukua korosho 127 uzipange mezani kwa mistari iliyo sawa. Hazikubali, ila ukizinyoosha mstari mmoja. Hiyo ndiyo namba tasa. Kwa 127 inatosha kuigawa kwa 2, 3, 5, 7 na 11, maana 13 × 13 ni 169, tumeshaipita. Namba zikikua kazi hiyo haiishi, na klabu ya hisabati Masasi au Mikindani yenye kikokotoo kimoja ni afadhali itumie kipimo cha Lucas na Lehmer.

Kipimo hicho hupima namba za umbo la 2ᵖ − 1 tu, p ikiwa namba tasa witiri. Kama p si tasa, usijisumbue: 2⁹ − 1 ni 511, yaani 7 × 73. Lakini p kuwa tasa si dhamana, kwa sababu 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89.

Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, chukua baki. Baki hilo nalo lifanyie vilevile, mpaka zitimie hatua p − 2. Ukiishia na 0, namba ni tasa. Ukiishia na kingine chochote, si tasa. Kwa 127, p ni 7, hatua ni tano: 14, 67, 42, 111, 0. Ile 4 ya mwanzo haihesabiwi. Anayeihesabu huishia 111 na kuikataa namba tasa halali.

Wengi hukwama kwenye baki. 4,487 ÷ 127 huleta 35.3307, na hizo desimali si baki. Shika 35, zidisha kwa 127 upate 4,445, kisha toa: 42.

Skrini ya tarakimu 10 nayo ina mipaka. Ukipima 131,071 (p = 17), baki kubwa likizidishwa kwa lenyewe linafika tarakimu 11, na tarakimu za mwisho zikipotea baki lote ni bure. Dawa yake: baki likizidi nusu, toa namba inayopimwa ubaki na hasi. 111 − 127 ni −16. 16 × 16 − 2 ni 254, yaani 127 mara mbili, baki 0. Hata kwa namba ndogo ni nafuu.

Namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, kikokotoo hakiiwezi, ila idadi ya tarakimu zake kinaiweza. Zidisha 136,279,841 kwa logi ya 2, acha desimali, ongeza 1. Jedwali la shuleni lenye 0.3010 litakupunguzia tarakimu zaidi ya 4,000, na 0.30103 itakuzidishia moja. Tumia 0.3010299957: utapata 41,024,319.95, hivyo tarakimu ni 41,024,320.

Tarakimu yake ya mwisho ni 1. Gawa p kwa 4: baki 1 humaanisha namba inaishia na 1, baki 3 inaishia na 7. Hapa tazama 41 tu ya mwishoni mwa p.