Jinsi ya kuingiza nishati jadidifu katika kazi za kiwanda kidogo cha korosho, Mtwara na Lindi

Mwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho Tandahimba, Newala au Ruangwa anapofikiria kupunguza gharama za umeme na dizeli, kinachomjia kwanza ni paneli za sola juu ya bati. Si ajabu, kwa kuwa bei za paneli duniani zimeshuka kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 2010, na mafundi wa kuzifunga wamekuwa wengi. Hata hivyo, namshauri asinunue hata paneli moja kabla hajajua nishati yake inakwenda wapi, kwa sababu katika kazi ya korosho mlaji mkubwa ni joto: la kupika korosho ghafi kwa mvuke, kisha la kukausha karanga ili utando umenyeke.

Anza, basi, kwa kupima. Weka daftari karibu na mita ya LUKU, na kwa wiki mbili za kazi ya kawaida mtu mmoja uliyemkabidhi jukumu hilo aandike kila asubuhi na jioni uniti zilizosomeka, lita za dizeli zilizotiwa kwenye jenereta, kuni zilizoingia kwenye boila (chombo cha kuchemshia maji ya mvuke) na jikoni, na kilo za karanga zilizotoka siku hiyo. Kando yake orodhesha kila kifaa cha umeme, uwezo ulioandikwa kwenye kibao chake na saa kinazofanya kazi. Tuseme tanuri la kukaushia ni la kilowati 6 na huwashwa saa 6: hizo ni uniti 36 kwa siku. Taa 10 za wati 10 zikiwaka saa 5 hutumia nusu uniti, na mashine ya kufungashia ya kilowati 1 ikifanya kazi saa 4 hutumia uniti 4. Ukurasa huo mmoja utakuonyesha pa kuanzia vizuri kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Kilowati moja ya paneli iliyofungwa vizuri katika ukanda wetu hutoa wastani wa takribani uniti 4 kwa siku, maana yake tanuri hilo peke yake lingehitaji paneli za kilowati 9, ilhali nyuma ya ukuta kuna rundo la maganda ambalo huenda unalipia kulitupa. Katika tani moja ya korosho ghafi, karibu asilimia 70 ya uzito ni maganda. Kilo moja ya maganda makavu ina joto la takribani megajuli 20, yaani zaidi ya uniti 5, na hata tanuri likipoteza robo tatu ya joto hilo, kilo 30 zinatosha kwa kazi ya siku nzima niliyoitaja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujenga tanuri na boila vinavyotumia maganda, na umeme uubakishie mashine na taa.

Hapa pana hatari ambayo haipaswi kuchukuliwa kwa wepesi. Maganda yana mafuta makali yanayounguza ngozi, kama anavyojua kila aliyewahi kubangua kwa mikono mitupu, na moshi wake hukereketa macho na kifua. Moto wa maganda usiguse karanga kabisa. Hewa ya kukaushia ipite kwenye mabomba au kuta za chuma zilizopashwa joto, na moshi utoke kwa bomba refu lililo mbali na sehemu ya wamenyaji. Chumba cha moto kiingizwe hewa ya kutosha juu ya miali ili mafuta yaungue yote, kwani moshi mweusi ni joto unalolipoteza na kero unayompelekea jirani. Ikiwa una uwezo wa kupata mashine ya kukamua, kamua mafuta kwanza, kwa sababu yana soko viwandani na makapi yanayobaki huwaka kwa moshi mdogo zaidi. Ofisi za mkoa za SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pazuri pa kuulizia mafundi wa matanuri na mashine za aina hiyo.

Baada ya joto, ndipo uje kwenye sola. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kukadiria ukubwa wa mtambo kwa jua la Agosti. Minada ya korosho ghafi huanza Oktoba, na ubanguaji wa shehena hiyo huendelea katika miezi ya mvua, hasa Januari hadi Machi, wakati mawingu yanapotanda siku nzima. Kwa hiyo piga hesabu kwa siku ya Februari, au kubali mapema kwamba siku hizo utategemea umeme wa TANESCO. Kwa kuwa tuko kusini mwa Ikweta, kwenye latitudo ya 10 hivi, paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15, ambao pia husaidia mvua kuosha vumbi. Kivuli cha mwembe kinachoangukia kona ya paneli moja kinaweza kupunguza umeme wa safu nzima. Karibu na bahari, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, tumia fremu za alumini na boliti za chuma kisichoshika kutu, kwa maana chumvi haina huruma. Kagua pia mbao za paa kama zimeliwa na mchwa, kwani Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha kwamba upepo mkali hufika pwani hii.

Betri ndiyo sehemu inayofilisi wengi. Panga kazi za mota na pampu kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri ili zitumie jua moja kwa moja, kisha nunua betri ya kutosha taa, mizani, kompyuta na ulinzi wa usiku tu. Kumbuka kwamba mota ikiwashwa huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, hivyo inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uweze kuendesha mashine za kawaida, ichaguliwe kwa kuzingatia kishindo hicho. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na dhamana ya paneli, inveta na betri iandikwe kila moja peke yake.

Ataulizwa mwenye kiwanda: kwa nini jua, ilhali gesi asilia ya Mnazi Bay mkoani Mtwara, iliyogunduliwa mwaka 1982 na inayozalisha umeme, iko chini ya miguu yetu? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kukatika kwa umeme katikati ya kazi kunagharimu, na jenereta ndogo inayojaza pengo hilo hula kati ya theluthi na nusu ya lita ya dizeli kwa kila uniti. Zidisha hiyo kwa bei ya dizeli ya wilayani kwako, kisha linganisha na risiti ya LUKU.

Mitambo hiyo ikishafungwa, daftari lile liendelee. Kila mwisho wa mwezi gawanya uniti na lita kwa kilo za karanga, na matokeo yasomwe kwenye kikao kile kile kinachojadili mishahara na mauzo. Yakipanda, fundi atafute sababu kabla ya wiki kuisha. Tenga fedha kila msimu kwa ajili ya inveta na betri, ambazo huchakaa mapema kuliko paneli. Jiko la wafanyakazi nalo lisisahaulike, kwani taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipigwa marufuku kutumia kuni na mkaa kufikia Januari 31, 2024. Msimu ukifungwa, zoa masizi kwenye bomba la moshi, osha paneli alfajiri kabla hazijapata joto, kaza boliti, na acha betri zikiwa na chaji ya kutosha badala ya kuzizima zikiwa tupu hadi Oktoba.