Somo: Kuchagua mbegu ya mtama yenye punje na mabua mazuri kwa mifugo

Wengi huchagua mbegu nyumbani, masuke yakishakatwa. Hapo unaliona suke, bua limebaki shambani. Ukitaka mabua ya kulisha ng'ombe kiangazi, chagua mmea ungali umesimama.

Hatua ya 1. Tenga kipande cha mita 20 kwa 20, sentimita 75 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo. Pembezoni usichague: mmea wa ukingoni hupata maji na mwanga zaidi, ukijani wake si wa kurithi.

Hatua ya 2. Kabla ya suke kuchomoza, tazama mshipa wa kati wa jani. Mweupe kama chaki, bua ni kavu ndani. Kijani kilichofifia, bua lina maji; funga utepe.

Hatua ya 3. Bua kavu hulifunika bua la maji katika kurithi (wakichanganyika, mtoto huwa na bua kavu), kwa hiyo zuia chavua ya jirani. Vika suke bahasha ya kaki kabla ua la kwanza halijafunguka (maua huanzia nchani). Nailoni hutoa jasho, suke likaota ukungu. Vua punje zikishafunga, kisha linda ndege.

Hatua ya 4, na hapa ndipo wengi hukosea. Subiri doa jeusi kitakoni mwa punje, ndipo uhesabu majani mabichi; chagua mmea wenye mengi. Mmea wenye suke tupu nao hubaki kijani, maana majani hayakuwa na punje za kulisha. Huo tupa, pamoja na ulioanguka.

Hatua ya 5. Msimu ujao panda masuke 40 au 50, kila suke mstari wake. Mmea mmoja huenda uliota penye unyevu tu. Mstari mzima haudanganyi.

Swali: Uwele nao hivihivi?
Jibu: Hapana. Uwele huchavushana, na ukiulazimisha kujichavusha hudhoofika. Ng'oa mibaya kabla ya maua, kisha changanya mbegu za masuke mazuri 100 au zaidi.

Swali: Mbegu hii itaondoa sumu inayoua mbuzi?
Jibu: Haitaondoa. Sianidi huwa nyingi kwenye mtama mchanga, machipukizi na ulionyauka kwa ukame. Usilishe mbichi ukiwa chini ya sentimita 60. Ukiukausha vizuri uwe hei, hupungua sana.

Swali: Nina mmea wenye mshipa wa kahawia. Ni ugonjwa?
Jibu: Kama jani ni zima, huenda ni aina yenye lignini (kitu kinachokaza bua) kidogo: humeng'enywa vizuri, lakini huanguka kirahisi. Upande peke yake kwanza.